Unyanyasaji wa mtandaoni katika fasihi

Unyanyasaji wa mtandaoni ni kumwandama mtu kwa matusi, vitisho, uzushi au picha za kumfedhehesha kupitia simu na intaneti. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliuwekea adhabu katika sheria yake ya masuala ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023. Lakini sheria hupima tendo; yanayompata aliyeandamwa huonekana vizuri zaidi katika riwaya, hata zilizotangulia mtandao. Mfano wa karibu ni mwandishi V.Y. Mudimbe, aliyezaliwa mwaka 1941 Likasi, enzi hizo ikiitwa Jadotville. Katika L'Écart (1979), mwanahistoria Ahmed Nara yuko Paris, anataka kuandika upya historia ya Wakuba wa Kongo, huku yale ambayo wageni wameandika kuhusu Waafrika yakimwelemea. Madaftari yake yanaonyesha jinsi mtu anavyofikia kujitazama kwa macho ya waliomsimulia, hata wasipokuwapo. Anayemshauri mwathirika azime simu, basi yaishe, hajaelewa kwamba maneno yamekwisha kuhamia ndani.

Itapingwa kwamba dharau ya wasomi si sawa na matusi ya kundi la WhatsApp, yanayoenea kwa dakika chache kutoka kwa watu wasiojulikana. Ni kweli, na riwaya hiyo haitusaidii hapo. Malumbano ya washairi wa pwani yanasaidia zaidi, ingawa kwa kinyume. Muyaka bin Haji, aliyeishi Mombasa takribani 1776 hadi 1840, aliwarushia mahasimu wa mji wake vijembe vikali, wala hakuwa mpole kuliko vijana wa leo. Ila alijulikana, na aliyechomwa aliweza kumjibu kwa beti zake. Mtandao umeondoa mambo hayo mawili na kuuacha ukali ulivyokuwa.

Pingamizi zito zaidi linatoka Uganda. Agosti 2019 mwanaharakati Stella Nyanzi alitiwa hatiani kwa kosa lenyewe la unyanyasaji wa mtandaoni, kwa sababu ya shairi kumhusu Rais Museveni aliloliweka Facebook. Mahakama Kuu ilimwachia Februari 2020. Je, fasihi nayo si mnyanyasaji? Shairi lile lilijaa matusi, hilo halifichiki. Lakini liliandikwa kwa jina lake, na mlengwa alikuwa na dola, polisi na redio za kumjibia. Mwanafunzi wa Likasi ambaye picha yake inasambazwa hana hata kimoja kati ya hivyo, na mara nyingi hamjui aliyeianzisha.