MANOWARI BAINBRIDGE: MELI YENYE JINA LA MATEKA

Poleni na semina, poleni na assignment za vikundi ambazo watu kumi wanaandika jina na mmoja anaandika kazi. Leo naomba niweke pembeni habari za boom na maandalizi ya TP, niwaletee historia kidogo maana ndiyo somo langu. Najua wapo watakaosema sisi wa huku Nkuhungu na bahari wapi na wapi, wakati maji mengi tuliyowahi kuona ni Bwawa la Hombolo. Subirini kidogo. Meli ninayoizungumzia leo imehusika na sufuria za watu wengi wa Afrika Mashariki.

Tuanze na majina. Neno manowari tumelitoa kwa Waingereza, wao walisema "man-of-war". Babu zetu wa pwani waliziona meli hizo mpaka wakazizoea, na tarehe 27 Agosti 1896 Wazanzibari walizisikia pia, pale mizinga ilipopiga jumba la Sultani na vita ikaisha kwa dakika zisizofika hata kipindi kimoja cha darasani.

Sasa kuna aina ya manowari inaitwa distroya. Ukisikia jina unadhani ni meli ya kuangamiza kila kitu. Kumbe asili yake ni tofauti. Miaka ya 1870 zilitokea boti ndogo zenye kasi zinazobeba topido. Boti hizi zilikuwa za bei ndogo lakini zikaanza kuwanyima usingizi wenye meli kubwa za chuma, kwa sababu boti ya watu wachache ingeweza kuzamisha meli ya mamia. Waingereza wakaunda meli maalumu ya kuzifukuza, ikaitwa mwangamizaji wa boti za topido, baadaye jina likafupishwa. Kwa hiyo distroya ilizaliwa kwa sababu tajiri alimwogopa maskini mwenye boti ndogo. Hilo lishikeni vizuri, tutalirudia.

Marekani nao wakaunda za kwao. Distroya yao ya kwanza kabisa, namba 1, iliingia kazini mwaka 1902 na jina lake ni Bainbridge.

Bainbridge ni nani? William Bainbridge alikuwa nahodha wa jeshi la majini la Marekani enzi ambazo maharamia wa Afrika Kaskazini walikuwa wanakamata meli za biashara na kudai malipo. Tarehe 31 Oktoba 1803 meli yake, Philadelphia, ilikwama kwenye mwamba karibu na Tripoli, Libya ya leo. Yeye na watu wake 307 wakachukuliwa mateka. Walikaa kifungoni mpaka 1805, Marekani ilipokubaliana na mtawala wa Tripoli na kulipa dola 60,000. Yaani shujaa mwenyewe alitekwa Afrika na akakombolewa kwa hela. Wamarekani hawakuona aibu kulitumia jina lake, wamelirudia kwenye meli tano.

Hiyo ya tano ndiyo yetu ya leo, USS Bainbridge namba 96. Imejengwa na kiwanda cha Bath kule jimbo la Maine, ikashushwa majini Novemba 2004 na kuanza kazi rasmi tarehe 12 Novemba 2005. Ni ya kundi linaloitwa Arleigh Burke. Urefu wake ni mita 155, yaani ni kama kiwanja cha mpira na nusu yake. Uzito ni kama tani 9,200. Ina injini nne za gesi, za jamii moja na zile za ndege, zenye nguvu ya farasi kama 100,000, na mwendo wake unazidi noti 30. Ndani wanaishi watu kama 300. Ina mashimo 96 ya kurushia makombora yaliyopangwa wima chini ya sitaha, mzinga wa milimita 127, na nafasi ya helikopta mbili. Rada yake inafuatilia vitu vingi angani kwa mpigo na kuyaelekeza makombora yenyewe. Ndiyo maana inaitwa manowari ya makombora ya kuongozwa: kombora halirushwi likaachwa na Mungu wake, linaelekezwa njiani.

Haya, sasa twende Aprili 2009.

Somalia ilikuwa haina serikali ya maana tangu Siad Barre alipoanguka Januari 1991. Meli za nje zikavua samaki pwani yake bila kuulizwa, vijana wa pwani wakaanza kuzikamata, na kidogo kidogo ulinzi wa samaki ukageuka biashara ya kuteka meli yoyote. Septemba 2008 waliteka Faina, iliyokuwa inakuja Mombasa na vifaru 33. Mwezi Desemba Umoja wa Ulaya ukaleta meli zake za doria. Bahari yetu ikawa inajadiliwa New York na Brussels.

Tarehe 8 Aprili 2009, meli ya mizigo Maersk Alabama, yenye bendera ya Marekani na mabaharia 20, ilikuwa njiani kutoka Salalah kupitia Djibouti kuja Mombasa. Ilikuwa na tani 17,000 za mizigo, na kati ya hizo tani 5,000 hivi zilikuwa za misaada kwa ajili ya Somalia, Uganda na Kenya. Kama maili 240 za baharini kusini mashariki ya Eyl, vijana wanne wa Kisomali wenye bunduki wakaipanda kutoka kwenye boti ya faiba.

Mabaharia wengi walijificha huko chini kwenye mitambo na kuizima meli. Wakamkamata kiongozi wa maharamia, Abduwali Muse, wakamjeruhi mkononi. Wakataka kubadilishana naye na nahodha wao, Richard Phillips. Muse akaachiwa, Phillips hakuachiwa. Maharamia wakaondoka naye kwenye boti ya kuokolea maisha, ile ya rangi ya machungwa iliyofunikwa juu, ya mita nane na kitu. Ndani yake joto, mafuta na kichefuchefu.

Siku iliyofuata Bainbridge ikafika, chini ya Kamanda Frank Castellano. Hebu fikirieni picha yenyewe. Upande mmoja tani 9,200, mashimo 96 ya makombora, rada ya kuona mbali kabisa. Upande wa pili kiboti kinachofanana na kichupa, ndani vijana wanne na AK. Na hiyo manowari haiwezi kufanya kitu! Kombora gani utarusha wakati mtu wako yumo humo humo? Siku ya Ijumaa Phillips alijitosa majini akitaka kuogelea mpaka kwenye manowari, wakamkamata tena. Wadunguzi wa kikosi cha SEAL wakaletwa kwa ndege na kuruka na miamvuli mpaka baharini.

Bahari ikachafuka, maharamia wakakubali boti yao ivutwe kwa kamba na Bainbridge. Muse alikuwa amepanda manowarini kutibiwa mkono na kuendelea na mazungumzo. Jumapili ya tarehe 12 Aprili, siku ya Pasaka, kamba ilikuwa imepunguzwa mpaka kama mita 25. Wadunguzi walioko nyuma ya meli wakaona bunduki imeelekezwa mgongoni kwa Phillips, na wengine wawili vichwa vyao vinaonekana. Wakafyatua kwa pamoja, watatu wakafa, nahodha akatoka mzima.

Kwa hiyo meli ya mabilioni ilimaliza kazi yake maarufu kuliko zote kwa kamba na risasi. Makombora yalibaki kwenye mashimo yake.

Maersk Alabama yenyewe ilishafika Mombasa tarehe 11. Phillips naye aliletwa Mombasa na Bainbridge tarehe 16, ikachelewa kwa sababu njiani iliitwa kuisaidia meli nyingine, Liberty Sun, iliyoshambuliwa kwa roketi tarehe 14. Nayo ilikuwa inaleta chakula cha msaada Mombasa.

Muse alipelekwa New York. Mama yake alisema ana miaka 16, mahakama ikamhesabu mtu mzima. Februari 2011 akahukumiwa miaka 33 na miezi 9. Mwaka 2013 Hollywood wakatoa filamu, Tom Hanks akawa Phillips, na Barkhad Abdi, Msomali aliyekulia Yemen na Marekani, akawa Muse. Manowari iliyoigiza kwenye filamu hiyo siyo Bainbridge, ni ndugu yake Truxtun. Kwa hiyo ukiiona sinema kwenye laptop ya mshikaji, usiseme umeiona Bainbridge.

Sasa hapa ndipo wadau tunapobishana. Wapo wanaosema hawa vijana walionewa, wavuvi walioibiwa samaki. Wapo wanaosema haramia ni haramia. Mimi nasema yote mawili ni kweli mpaka unapofika kwenye mzigo. Samaki wao waliibwa, hilo halina ubishi. Lakini mle melini kulikuwa na chakula cha watu wenye njaa, wakiwemo Wasomali wenzao. Kijana wa umri wetu, aliyekosa shule na serikali, alipanda juu ya unga wa mama zake akiwa na bunduki. Ndiyo maana siwezi kumchukia wala siwezi kumtetea.

Na watu wa Dodoma hatupaswi kuambiwa chakula kikizuiwa njiani kinatokea nini. Ugogo ina historia ya njaa, na mojawapo kubwa kuliko zote ni Mtunya, ya miaka ya mwishoni mwa Vita ya Kwanza ya Dunia. Mvua zilikatika, lakini kabla ya mvua yalitangulia majeshi. Wajerumani kisha Waingereza walichukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo. Na kwenye vita hiyo manowari zilikuwepo. Königsberg ya Wajerumani iliizamisha Pegasus ya Waingereza Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, ikajificha Rufiji, ikaangamizwa Julai 1915. Mizinga yake ikaopolewa na kukokotwa nchi kavu kuendeleza vita, mmoja wapo mpaka leo uko Fort Jesus, Mombasa. Mizinga haitembei yenyewe jamani, ilivutwa na watu, na watu hao walilishwa kwa nafaka ya vijiji. Kwa hiyo aliyekuwa anapepeta uwele hapa katikati ya nchi hakuiona bahari, lakini vita ya wenye manowari ilifika ghalani kwake.

Ndiyo maana nasema manowari ni kitu chetu pia. Moja inaweza kuanzisha njaa, nyingine ikalinda meli ya chakula. Inategemea iko chini ya nani na anataka nini.

Tuendelee na Bainbridge kwa ufupi. Haikustaafu baada ya umaarufu. Tarehe 13 Juni 2019 meli mbili za mafuta zilishambuliwa kwenye Ghuba ya Oman, na mabaharia 21 wa Kokuka Courageous walihifadhiwa juu ya Bainbridge. Tena siyo kupiga, ni kuokoa.

Na mambo ya maharamia hayajaisha. Yalipungua sana baada ya 2012 kwa sababu ya doria, walinzi wenye silaha melini na ushirikiano wa nchi zetu. Mkataba wa Djibouti wa Januari 2009 Tanzania tumo, na moja ya vituo vyake vya kupashana habari iliwekwa Dar es Salaam. Lakini mwishoni mwa 2023 walianza tena. Desemba hiyo wakaiteka Ruen, na Machi 2024 distroya ya India, INS Kolkata, ikaikomboa ikiwa na mabaharia 17, maharamia 35 wakasalimu amri. Dada yake, INS Chennai, ndiyo iliyokuja Dar es Salaam Aprili 2025 kwenye mazoezi ya AIKEYME yaliyoandaliwa na India pamoja na JWTZ, nchi kadhaa za Afrika zikashiriki. Kwa hiyo distroya imeshatia nanga nyumbani kabisa.

Sasa rudini kwenye lile nililosema mlishike. Distroya ilizaliwa kwa hofu ya boti ndogo. Mwaka 2000 ndugu mwingine wa Bainbridge, USS Cole, alitobolewa na boti ndogo yenye baruti bandarini Aden, wanamaji 17 wakafa. Mwaka 2009 boti ndogo tena. Miaka zaidi ya mia, makombora juu ya makombora, na adui bado ni yule yule mwenye chombo cha bei rahisi na hana cha kupoteza. Kwa mtazamo wangu boti ndogo haimalizwi na manowari, manowari inaifukuza tu. Inamalizwa pale kijana wa Eyl anapokuwa na samaki baharini na darasa la kwenda asubuhi. Na sisi tunaosomea ualimu tusijidharau kwenye hilo.

Nikienda TP, mada ya biashara ya Bahari ya Hindi nitaifundisha kuanzia Kilwa na majahazi mpaka Maersk Alabama, maana bahari ni ile ile na mzigo bado ni chakula.

Haya wadau, nimemaliza. Wale wa historia mnaonaje, Muse alistahili miaka 33? Na wale wa sayansi mje mtueleze hizo rada vizuri. Tukutane kwenye semina, na jamani ile kazi ya kikundi, safari hii kila mtu aandike walau ukurasa mmoja. Alamsiki.