Deni, Msimu na Simu: Teknolojia ya Kidijitali katika Fuo za Homa Bay na Migori

Mwaka 2007 Robert Jensen alichapisha utafiti kuhusu wavuvi wa dagaa wa Kerala, India, ambao tangu hapo umekuwa kama hati ya ushahidi kwa kila anayetaka kuthibitisha kuwa simu huleta maendeleo. Minara ilipojengwa kwenye pwani ile kati ya 1997 na 2001, wavuvi walianza kuulizia bei wakiwa bado baharini. Samaki waliokuwa wakitupwa kwa kukosa mnunuzi, asilimia 5 hadi 8 ya mavuno, hawakutupwa tena. Faida ya wavuvi ilipanda kwa asilimia 8, na bei kwa mlaji ikashuka kwa asilimia 4. Mwaka huohuo Safaricom ilizindua M-Pesa, huduma ya kutuma fedha kwa simu. Si ajabu kwamba muda si mrefu Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya (KMFRI) ilianza kukusanya bei za samaki kutoka fuo za Ziwa Victoria na kuzisambaza kwa ujumbe mfupi. Kama jambo hilo limefaa Kerala, kwa nini lisifae Mbita, Karungu au Muhuru?

Hoja yangu ni kwamba halingeweza kufaa kwa namna ileile, na sababu haimo kwenye mtandao wala kwenye kiwango cha elimu cha wavuvi. Mvuvi aliyeelezwa na Jensen aliweza kuelekeza chombo chake kwenye ufuo wowote wenye bei nzuri. Mvuvi wa mbuta wa Homa Bay mara nyingi hana uhuru huo. Wavu amekopeshwa, mafuta ya injini amekopeshwa, barafu imeletwa na gari la ajenti, na ajenti naye amepewa mtaji na kiwanda cha minofu. Aliyekukopesha wavu ndiye atakayenunua samaki wako, na bei ataitaja yeye. Ukimtumia mvuvi huyo bei ya Kisumu, umemjulisha tu anapunjwa kiasi gani. Thomas Molony alilionyesha hilo mwaka 2008 alipowachunguza wakulima wa nyanya na viazi wa Tanzania: mkulima anayedaiwa na mnunuzi hawezi kuitumia habari ya bei hata akiwa nayo kiganjani, kwa kuwa akimkimbia mnunuzi amemkimbia na mkopeshaji.

Kwenye omena, dagaa wa ziwani, mambo ni magumu zaidi. Wanaume huvua usiku kwa mwanga wa taa. Asubuhi wanawake hununua, huanika na kusafirisha sokoni. Boti, kwa sehemu kubwa, ni za wanaume. Samaki wanapoadimika, mwanamke asiye na mtaji hutafuta jaboya, yaani mvuvi atakayemtengea samaki kabla ya wengine, naye hulipa kwa fedha na kwa mwili wake. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta asilimia 19.6 ya watu wazima wa Homa Bay wanaishi na VVU, na asilimia 13 kule Migori, ilhali wastani wa nchi nzima ulikuwa 4.9. Jaboya si chanzo pekee cha maambukizi hayo, na wakazi wa ziwani wamechoka kusimuliwa kana kwamba ndiye chanzo pekee. Hata hivyo, uchumi wa fuo hizi hauwezi kuelezwa bila yeye.

Je, mkopo wa simu haungemkomboa mama huyu? Huduma za mikopo ya simu zipo: M-Shwari ilianza mwaka 2012 na Fuliza mwaka 2019. Mkopo wa M-Shwari hulipwa ndani ya siku 30, kwa ada ya asilimia 7.5. Kwa kanuni za Kenya, uvuvi wa omena hufungwa kuanzia Aprili hadi Julai ili samaki wazaane. Anayekopa mwishoni mwa Machi atadaiwa wakati ambapo hana hata kilo moja ya kuuza. Kalenda ya mkopo huo ni ya mtu wa mshahara, si ya ziwa. Halafu kiasi chenyewe hakinunui boti. Hununua unga, na jaboya anabaki palepale. Wanawake wa ufuo wa Nduru, katika kaunti jirani ya Kisumu, walianza kujinasua mwaka 2011 kwa kumiliki boti, wala si kwa programu yoyote ya simu.

Upande wa afya unatufunza jambo tofauti. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2010 kutoka kliniki za Nairobi na Kajiado, watumiaji wa dawa za VVU walitumiwa ujumbe wa neno moja kila wiki: Mambo? Walijibu Sawa au Shida. Aliyejibu Shida, au aliyekaa kimya, alipigiwa simu na mhudumu wa kliniki. Asilimia 62 ya waliotumiwa ujumbe walizingatia dawa, dhidi ya 50 ya wasiotumiwa ujumbe. Huko Chulaimbo, karibu na Kisumu, jaribio lingine lilikuta kwamba ukumbusho wa kila wiki ulisaidia ila ule wa kila siku haukusaidia, jambo ambalo yeyote aliyewahi kuishi na mtu msumbufu angeweza kulitabiri. Kilichofanya kazi Nairobi na Kajiado si ujumbe peke yake. Kulikuwa na mtu aliyewajibika kujibu.

Simu, basi, hufaa pale penye uhusiano unaoiwezesha kufanya kazi, na ufuoni uhusiano unaoikwamisha ni deni. Kwa hiyo serikali za kaunti zianzie hapo. Vikundi vya usimamizi wa fuo, BMU, tayari vina daftari za boti na wanachama. Mauzo ya kila siku yakirekodiwa kidijitali, kwenye vishikwambi, kwa jina la mama anayenunua na mvuvi anayevua, rekodi hiyo inaweza kuwa dhamana kwenye sacco inayosimamisha marejesho Aprili hadi Julai, na yenye mikopo ya kutosha kununua boti kwa kikundi.

Pingamizi kubwa halihusu gharama ya vishikwambi. Rekodi ya mapato ya watu wote wa ufuo ni silaha, na ajenti akiipata atajua ni nani wa kubanwa na lini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ipo, lakini daftari litashikwa na kamati ya ufuo, na miongozo ya Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria huwapa wenye boti asilimia 30 ya viti vya kamati hiyo na wachuuzi wa samaki asilimia 10. Mgawanyo huo wa viti ubadilishwe kabla ya kishikwambi cha kwanza kununuliwa.