SOMO LA HISTORIA: MTU ALIYECHORA ALIYOYAONA

Wewe unayesoma karatasi hii baada ya kusikiliza redio, soma polepole. Neno likikushinda, mwulize mwenzako au mwalimu.

Leo hatutasema habari za mfalme wala za jemadari. Tutasema habari za mchoraji mmoja wa Japani, jina lake Keiji Nakazawa. Kazi yake ilikuwa kuchora hadithi za picha. Bila shaka mmepata kuziona katika magazeti. Ukurasa hugawanywa visanduku. Katika kila kisanduku mna picha, na maneno ya msemaji huandikwa karibu na kinywa chake. Watu wengi hudhani kwamba hadithi hizo ni za kuchekesha watoto tu. Maisha ya Nakazawa yatatuonyesha kwamba sivyo.

Nakazawa alizaliwa tarehe 14 Machi, mwaka wa 1939, katika mji wa Hiroshima. Baba yake naye alikuwa mchoraji. Wakati ule Japani ilikuwa vitani, na mtu aliyesema kwamba vita ni vibaya alihesabiwa kuwa adui wa nchi. Baba huyu hakunyamaza, na kwa sababu hiyo alikamatwa akafungwa.

Sasa sikilizeni kwa makini. Tarehe 6 Agosti, mwaka wa 1945, saa mbili na robo asubuhi, ndege ya Marekani iliangusha bomu moja la atomiki juu ya Hiroshima. Keiji, mtoto wa miaka sita, alikuwa amefika shuleni. Mama wa mwanafunzi mwenzake alimsimamisha karibu na ukuta, amwulize neno. Ukuta ule ulimkinga Keiji na moto wa bomu. Yule mama hakuwa na kinga, akafa.

Huko nyumbani nyumba iliwaangukia baba, dada, na mdogo wake wa kiume. Dada alikufa mara moja. Baba na mtoto walinaswa chini ya boriti, na moto ukawa unakuja. Mama alijaribu kuziinua boriti asiweze, mpaka jirani akamwondoa pale kwa nguvu. Siku ile ile, barabarani, mama alijifungua mtoto wa kike. Mtoto huyo aliishi miezi minne hivi, naye akafa. Ndugu wakubwa wawili wa Keiji hawakuwapo mjini, wakapona. Yakadiriwa kwamba kufikia mwisho wa mwaka ule watu 140,000 hivi walikuwa wamekufa kwa bomu lile moja.

Keiji alikua katika umaskini. Shuleni alipata kuona kitabu cha picha cha mchoraji mashuhuri Osamu Tezuka, akakipenda mno, akaanza kujifunza kuchora kwa kuiga. Alipomaliza shule alipata kazi kwa fundi wa kuandika vibao vya matangazo. Huko mkono wake ulizoea herufi na rangi. Mwaka wa 1961 akahamia Tokyo, mji mkuu, na mwaka wa 1963 michoro yake ikaanza kuchapishwa.

Lakini Tokyo alikuta jambo jingine. Alipowaambia watu kwamba aliponea bomu la Hiroshima, aliona nyuso zao zikibadilika. Wengine waliogopa kuambukizwa, ingawa ugonjwa wa bomu hauambukizi. Basi akakata shauri kunyamaza. Akachora hadithi za kuwafurahisha vijana, wala bomu hakulitaja.

Mwaka wa 1966 mama yake akafariki. Kwa desturi ya Wajapani maiti huchomwa, kisha jamaa huokota mifupa na kuihifadhi. Keiji alipokwenda kuokota mifupa ya mama yake, hakukuta mfupa hata mmoja uliokuwa mzima. Alikuta majivu na vipande vidogo vyeupe tu. Aliamini kwamba sumu ya bomu ilikuwa imekula hata mifupa. Uchungu ukamshika. Akiwa katika gari la moshi, akirudi Tokyo, aliapa moyoni kwamba hatanyamaza tena.

Alianza mara moja. Hadithi yake ya kwanza juu ya bomu ilikataliwa na wachapishaji wakubwa, ikapata kutoka mwaka wa 1968 katika gazeti la watu wazima. Mwaka wa 1973 alianza kazi yake kubwa katika gazeti la kila wiki la vijana. Aliiita Hadashi no Gen, maana yake Gen Aendaye Pekupeku. Gen ni mtoto wa Hiroshima aliyepatwa na mambo kama yaliyompata Keiji mwenyewe. Katika hadithi hiyo baba humfundisha Gen awe kama ngano, ambayo hukanyagwa wakati wa baridi, kisha husimama na kuzaa. Hadithi ilipokusanywa yote, ilikuwa vitabu 10. Tangu mwaka wa 1976 watu wa kujitolea walianza kuitafsiri kwa Kiingereza, na baadaye ikasomwa kwa lugha nyingi.

Hapa yafaa tujifunze jambo moja la historia. Katika kitabu, Gen yupo pale baba yake anapokufa, naye anaona kwa macho yake. Lakini Keiji hakuwapo. Yeye alisimuliwa na mama yake. Kwa hiyo kitabu kina mambo aliyoyaona, mambo aliyoyasikia, na mambo aliyoyatunga ili hadithi isimame. Msomaji mwema hakitupi kitabu kwa sababu hiyo, wala hakimezi chote bila kuuliza. Huuliza: mwandishi alikuwapo? Kama hakuwapo, nani alimweleza?

Nakazawa alifariki tarehe 19 Desemba, mwaka wa 2012, kwa ugonjwa wa saratani ya mapafu. Mwezi ule ule, katika mji wa Matsue, wakuu wa elimu waliagiza shule zikiondoe kitabu chake mahali ambapo watoto waweza kukichukua wenyewe, kwa kuwa baadhi ya picha ni za kutisha mno. Habari zilipoenea watu wengi walilalamika, na mwezi wa Agosti, mwaka wa 2013, agizo hilo likafutwa.

Ni kweli, picha zile zinatisha. Lakini mtu aliyezichora aliyaona hayo akiwa na miaka sita.

Ninyi mnaojifunza kusoma na kuandika mna mambo mliyoyaona, ambayo wajukuu wenu hawatayajua msipoyaandika. Nakazawa alinyamaza miaka mingi, na mama yake akafa kabla hajaona kitabu. Basi anzeni na lile mnalolijua, hata kama ni mstari mmoja.

MASWALI
1. Kwa nini baba yake Keiji alifungwa?
2. Ni kitu gani kilichomwokoa Keiji siku ya bomu?
3. Kwa nini alinyamaza alipokuwa Tokyo, na ni jambo gani lililomfanya aseme?
4. Andika mistari mitatu juu ya jambo uliloliona mwenyewe ulipokuwa mtoto. Kisha andika mstari mmoja juu ya jambo ulilosimuliwa na mzazi wako.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.