Kabla Hujasema Bibi Karogwa, Mpime Sukari

Wadau, kila mtaa pale Ujiji una bibi wa aina hii, jina tunalihifadhi. Swali moja anauliza mara tano, njia ya sokoni inampotea, mjukuu anamuita jina la marehemu. Mtaani hukumu iko tayari: "karogwa huyo", au mbaya zaidi, "mchawi ni yeye mwenyewe". Leo turudi nyuma kidogo kwenye historia, maana utamu nao una kesi ya kujibu.

Zamani Kigoma utamu ulikuwa wa kuhangaikia. Kulikuwa na asali ya misitu ya Buha, ndizi mbivu na miwa. Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858, miwa ilikuwa inauzwa sokoni pamoja na samaki na mawese. Ila muwa unautafuna mpaka taya zinachoka. Sukari ya kikombe unaimeza tu.

Mwaka 1914 reli ikafika Kigoma kutoka Dar, na bidhaa za dukani zikapata njia. Bado sukari haikuwa ya kumwaga. Waulize waliokuwa wakubwa mwanzoni mwa miaka ya 80 watakusimulia foleni, na msako wa wahujumu uchumi wa 1983. Leo? Sukari ipo kila kioski, na soda ya baridi unaipata hadi mwaloni.

Uingereza nao waliishi na mgao wa sukari, ukaisha 1953. Mwaka 2024 watafiti walitoa matokeo kwenye jarida la Science: waliokuwa tumboni na wachanga wakati wa mgao, ukubwani hatari yao ya kisukari aina ya pili ilikuwa chini kwa karibu asilimia 35.

Sasa ubongo unaingiaje? Sukari ikikaa juu kwenye damu miaka mingi, mishipa midogo inaharibika, na ubongo unaishi kwa mishipa hiyo. Ndiyo maana mwaka 2024 jopo la jarida la Lancet liliweka kisukari kati ya mambo 14 yanayoongeza hatari ya demensia na ambayo yanaweza kudhibitiwa. Presha na sigara pia zimo.

Na msiseme ni ugonjwa wa wazungu. Utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliotoka 2013, ulikuta wazee karibu 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi wana demensia.

Tuelewane: siyo kila anayependa chai tamu atasahau, na siyo kila anayesahau ana kisukari. Lakini soda moja ya mililita 330 ina karibu gramu 35 za sukari, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi kama gramu 50 kwa siku. Ongeza chai ya asubuhi hapo, piga hesabu mwenyewe.

Bibi apelekwe kupima sukari na presha, asitengwe. Na sisi vijana tuanze sasa, ubongo hauna spea.

Kwenu mzee akianza kusahau huwa mnasemaje? Tiririka hapo chini.