Dau la Tano

Kibuyuni, jirani na Shimoni, wengi wanaijua kwa mwani. Mimi nilikwenda kwa ajili ya samaki. Asubuhi moja ya kaskazi nilikaa kando ya mzani, kijana mmoja anapima na kuandika kwenye daftari. Hakupima madau yote. Alichagua machache, mengine yakapita.

"Shikamoo babu," nikamwambia mzee aliyekaa karibu nami. "Sasa haya yasiyopimwa yatajulikanaje?"

"Marahaba mjukuu wangu. Kwani wewe ukionja mchuzi, wamaliza sufuria?"

Chuoni nilikaa muhula mzima na somo la sampuli, na hakuna aliyewahi kunieleza hivyo.

Tuseme siku hiyo yamerudi madau manne tu, na samaki wa kilo 2, 4, 6 na 8. Wastani wa kweli ni kilo 5. Wewe una nafasi ya kupima mawili. Jozi zinazowezekana ni sita, na wastani zake ni 3, 4, 5, 5, 6 na 7. Hujui utaangukia ipi. Lakini ziangalie zote pamoja: zimejikusanya katikati, na ukizijumlisha ukagawa kwa sita, unarudi palepale kwenye 5. Huo ndio mgawanyo wa sampuli. Sampuli moja inaweza kukosea, ila makosa yana mpangilio, na ukipima madau mengi zaidi makosa yanapungua. Sharti ni kwamba uchague kwa bahati nasibu. Ukipima siku za bamvua pekee ukaacha maji mafu, hujaonja mchuzi, umeonja povu la juu.

Serikali ya kikoloni ilijaribu mchezo huu kwa watu. Kabla ya 1948, Waafrika wa Kenya hawakuwa wamehesabiwa kwa sensa kamili. Idadi yao ilikadiriwa, kwa sehemu kubwa, kutokana na daftari za kodi. Sensa ya Agosti 1948 ilipata watu karibu milioni 5.4 nchini, zaidi ya walivyodhani wakubwa. Baada ya hesabu ya jumla ikafuata sensa ya sampuli, kama asilimia 10 ya watu, kwa maswali marefu zaidi ambayo wasingeweza kumuuliza kila mtu. Fikiria hapo: daftari la kodi lilikuwa linamwona mlipaji tu. Aliyebaki nje yake alikuwa anakisiwa.

Marekani walikuwa wamekwisha kujifunza somo hilo kwa aibu. Mwaka 1936 gazeti la Literary Digest lilituma kadi milioni 10 kuuliza nani atakuwa rais. Zaidi ya milioni 2 zikarudi, zikasema Landon. Roosevelt akashinda majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalitoka kwenye orodha za wenye simu na magari, wakati wa dhiki kubwa ya uchumi, na walioamua kujibu nao hawakuwa sawa na walionyamaza. George Gallup, na watu wachache kabisa ukilinganisha na hao, alimtaja mshindi sawasawa.

Sasa rudi ufukweni. Tuseme kulikuwa na dau la tano, limeleta kilo 20, ila halimo kwenye orodha. Wastani wa kweli si 5 tena, ni 8. Zitazame zile jozi sita upya: kubwa kuliko zote ni 7. Rudia mara elfu, chagua kwa haki kabisa, hutafika 8 hata siku moja. Kuongeza sampuli hakusaidii kitu, kwa sababu shida haiko kwenye bahati. Iko kwenye orodha.

Pwani hii dau la tano lina sura ya mtu. Wapemba wameishi Kwale, Kilifi na Lamu tangu kabla ya uhuru, wengine wakaja baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964. Ni wavuvi hodari, lakini kwa miaka mingi hawakuwa na uraia. Sensa humhesabu kila aliyelala nchini usiku ule. Orodha nyingine nyingi zinaanza na kitambulisho: kura, leseni, laini ya simu. Na siku hizi kura nyingi za maoni zinapigwa kwa simu, si ndiyo? Basi mtu asiye na laini kwa jina lake, maoni yake hayakosewi. Hayaulizwi.

Wamakonde wa Kwale walitembea kwenda Nairobi Oktoba 2016 kudai uraia, na wakakubaliwa. Wapemba wakasubiri mpaka Julai 2023, vitambulisho vilipotolewa Kilifi.

Jua lilipopanda mzee aliinuka. Nikamuuliza kama na yeye huwa wanampima. "Dau langu hupimwa tangu zamani," akasema. "Mimi mwenyewe ndiyo nimeandikwa juzi."

Tangu siku hiyo, nikisoma kwamba asilimia fulani ya Wakenya wanasema hivi ama vile, siulizi kwanza ni watu wangapi walioulizwa. Nauliza orodha ilianzia wapi, na nani alibaki baharini.