Kiko cha Rumanyika na Uwezo wa Kusubiri

Novemba 1861, John Hanning Speke na James Grant walipoingia katika ikulu ya Omukama Rumanyika wa Karagwe, walimkuta ameketi chini pamoja na nduguye Nnanaji. Kando yao, aliandika Speke katika kitabu chake cha mwaka 1863, vilikuwapo viko vikubwa vya udongo mweusi. Ziara hiyo hutajwa mara nyingi kwa sababu ya Nile, na kwa sababu ya wake wa kifalme walionenepeshwa kwa maziwa. Viko vimepitwa bila kutazamwa.

Vyastahili kutazamwa. Tumbaku huvunwa kwa msimu, lakini kiko hutaka kujazwa mwaka mzima. Baina ya mavuno na kiko lazima pawepo mtu ajuaye kuhifadhi. Mmea wenyewe ni mgeni, asili yake Amerika, nao ulifika Afrika kwa njia ya bahari. Jani bichi halivutiki. Hukaushwa polepole, kisha hulundikwa au husokotwa lingali na unyevu kidogo ili lichachuke. Joto la ndani ya lundo hupunguza ukali, harufu ya amonia hutoka, na ladha hutulia kadiri miezi inavyopita. Likikauka mno huwa vumbi. Likilowa huota ukungu. Kwa vifungashio, nchi za Maziwa Makuu zilikuwa na migomba: Samuel Baker, aliyekaa Bunyoro mwaka 1864, alistaajabia unadhifu wa wenyeji waliofunga bidhaa zao kwa maganda ya mgomba. (Sisemi haya kuitetea tumbaku, madhara yake yajulikana.)

Ninachokiona mimi katika jani lililohifadhiwa ni siasa. Mwenye zao linaloongezeka ubora likikaa halazimiki kuuza leo. Kodi ya nyumba, ambayo Wajerumani waliiamuru mwaka 1897, iliugusa uwezo huo moja kwa moja: kodi ina tarehe, na tarehe haingoji jani likomae. Baadaye tumbaku ya biashara ilishamiri kwingine, hasa Urambo, mahali ambapo mradi wa karanga wa Waingereza ulikuwa umeanguka. Huko mkulima hukausha jani katika bani, hulipanga kwa madaraja, kisha hulikabidhi. Kulikomaza ni kazi ya maghala ya wanunuzi. Muda, ambao ndio sehemu ya thamani, umehamia mikononi mwao, na sioni kwamba sera zetu zimewahi kuuliza kwa nini.

Nchi ya Rumanyika nayo ilikwenda kwenye kahawa. Songambele leo iko Wilaya ya Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, na kahawa ndiyo fedha ya kaya. Buni kavu ikitunzwa vema hukaa miezi mingi. Zamani watu wa Kagera walizichemsha, wakazikausha na kuziweka nyumbani kwa kutafuna na kukaribishia wageni. Hata hivyo butura ingalipo: mkulima huuza kahawa ingali maua mtini, kwa bei ya mwenye fedha. Serikali imeipiga marufuku, na mwaka 2018 iliagiza kahawa yote ipitie vyama vya ushirika. Lakini sare na madaftari hutakiwa Januari, na kahawa ya Kagera huanza kuvunwa Mei.