Sotoka: Neno Lililoruka Ua wa Boma

Kiswahili kinapomtaja mnyama wa porini, mara nyingi hakijisumbui kubuni jina jipya. Kinachukua jina la yule tumjuaye nyumbani, kisha kinalibandika neno moja dogo: mbwa mwitu, paka mwitu, nguruwe mwitu. Wakati mwingine hata hilo dogo halihitajiki. Nyumbu ni mnyama wa mbugani ahamaye kwa makundi; nyumbu pia ni yule mzaliwa wa punda na farasi, abebaye mizigo ya watu. Na kitenzi chenyewe cha kufuga hakikuwahi kuwa mali ya zizi peke yake. Twafuga ng'ombe, twafuga ndevu, na wazee hutuonya tusifuge maradhi.

Nimeanza na maneno haya kwa sababu miaka yote niliyofundisha historia na Kiswahili katika shule za sekondari, nilisahihisha mamia ya tungo za wanafunzi ambamo nyumba na pori viliwekwa pande mbili za mizani. Nyumbani kuna amani, porini kuna hatari. Nyumbani ni pa binadamu na mifugo yake, porini ni pa Mungu na wanyama wake. Hata washairi wakubwa wapenda mpangilio huo, na sishangai, maana waleta vina vizuri. Lakini lugha yetu ina neno moja linalouvunja, na historia ya neno hilo ndiyo niliyokusudia kuisimulia leo. Neno lenyewe ni sotoka.

Sotoka ni tauni ya ng'ombe. Mnyama hushikwa na homa, macho na pua hutiririka, vidonda hujaa kinywani, kisha huharisha hadi kukauka. Kundi ambalo halijawahi kuguswa na ugonjwa huo huweza kuangamia karibu lote katika majuma machache. Ulifika Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, na wanahistoria wengi hueleza kwamba uliingia kwa ng'ombe waliopitishwa bandari ya Massawa kwa ajili ya majeshi ya Italia. Kufikia 1890 na 1891 ulikuwa umeshuka katika nchi zetu. Mwaka 1896 ulivuka Mto Zambezi, na mwaka uliofuata ukafika Rasi ya Tumaini Jema. Katika muda wa miaka kumi hivi, bara zima lilikuwa limepitiwa kutoka kaskazini hadi kusini.

Kwa wafugaji, hapo ndipo dunia ilipokatika. Wamaasai huuita wakati huo Emutai, yaani maangamizi, kwa sababu sotoka haikuja peke yake. Ndui na njaa viliandamana nayo. Msafiri Oscar Baumann wa Austria alipopita Ngorongoro mwaka 1892 aliwakuta watu waliobaki mifupa na ngozi, wakizungukazunguka kutafuta chochote cha kutia kinywani. Watu ambao utajiri wao, mahari yao, maziwa ya watoto wao na heshima ya wazee wao vyote vilitembea kwa miguu minne, waliamka wakiwa hawana kitu.

Ajabu ya sotoka ni kwamba haikukoma mlangoni mwa zizi. Nyati walikufa, na pofu, twiga, tandala na ngiri pia. Frederick Lugard, aliyekuwa safarini Afrika Mashariki mwaka 1890, ameandika juu ya mizoga ya wanyama wa porini aliyoikuta njiani. Ugonjwa ulitoka kwa mfugo ukaenda kumuua mnyama wa mwitu. Sisi tumezoea kuambiwa kwamba shari hutoka porini ikaingia bomani. Safari hii ilitoka bomani. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na pori lingeweza kuusema msemo huo kutuhusu sisi.

Yaliyofuata yanahitaji subira kidogo kuyaelewa. Ng'ombe walipokwisha, hakuna aliyekula nyasi. Watu walipokufa au kuhama, hakuna aliyelima, wala aliyefyeka, wala aliyechoma pori kwa majira yake. Vichaka vikasimama palipokuwa malisho. Wanyama wa porini waliosalia wakaongezeka upesi kuliko ng'ombe, na pamoja nao akaja mbung'o, ambaye wengi wetu twamwita pia ndorobo. Mbung'o hupenda kivuli cha kichaka na damu ya mnyama, na hubeba nagana ya mifugo na malale ya binadamu. Palipoingia mbung'o, mfugaji hakuweza kurudi. Mwanahistoria Helge Kjekshus, katika kitabu kilichotoka mwaka 1977, alieleza kwamba kabla ya miaka hiyo watu wa nchi hii walikuwa wakilitawala pori kwa jembe, kwa moto na kwa midomo ya ng'ombe wao, na kwamba ni maangamizi ya miaka ya 1890 yaliyoliachia pori nafasi.

Wapenzi wa lugha watasitasita hapo kwenye ndorobo. Jina hilo hilo limetumiwa kwa watu waishio kwa kuwinda na kurina asali, na Wamaasai wana neno la karibu sana nalo, il-torobo, kwa watu wasio na ng'ombe. Sina haja ya kuamua ni lipi lililozaa lingine. Latosha kuona kwamba mdudu anayewafukuza ng'ombe na mtu asiye na ng'ombe wamekutana katika jina moja.

Wazungu waliokuja kutawala walizikuta nchi zikiwa katika hali hiyo: vichaka, wanyama wengi, watu wachache. Wengi wao walidhani wanaitazama Afrika ya tangu kuumbwa kwa ulimwengu. Fikra hiyo ilikuwa na gharama, na gharama hiyo haikulipwa na walioifikiri. Serengeti ilipokuwa hifadhi ya taifa kamili mwaka 1951, ndani yake walikuwamo wafugaji na ng'ombe wao. Mwaka 1959 Wamaasai waliokuwa wakiishi humo walihamishiwa upande wa Ngorongoro, na mpaka ukachorwa. Upande huu mnyamapori, upande ule mfugo. Yale maneno mawili ambayo lugha ilikuwa imeyaunganisha kwa kiungo cha "mwitu" yakatenganishwa kwa vigingi.

Lakini nyumbu wenyewe hawakuusoma mpaka huo. Mwaka 1961 nyumbu wa Serengeti walikadiriwa kuwa 250,000 hivi. Kufikia 1977 walikuwa takriban 1,400,000. Hakuna aliyewafuga, wala hakuna aliyewachanja. Waliochanjwa ni ng'ombe wa vijijini. Chanjo iliyomaliza kazi ilitengenezwa Muguga, Kenya, na daktari wa mifugo Walter Plowright na wenzake, na ng'ombe walipokoma kuugua sotoka, ndama wa nyumbu nao wakakoma kufa. Nyumbu wengi wakala nyasi nyingi; nyasi zilipopungua, moto ukapungua; moto ulipopungua, miti ikaota tena. Yule mtalii anayepiga picha ya mto wa nyumbu ukivuka maji anaitazama, bila kujua, kazi ya sindano iliyochomwa katika shingo ya ng'ombe.

Hayo nayaandika nikiwa Bunda, magharibi ya hifadhi hiyo, mahali nilipojenga baada ya kustaafu. Nina ng'ombe wachache, mbuzi, kuku na mbwa wawili. Asubuhi yangeyange huwafuata ng'ombe wangu wakiokota panzi, na usiku fisi hulia upande wa bonde kiasi cha mbwa kubweka hadi alfajiri. Mahindi yakikomaa, tembo huja, na jirani zangu hukesha na mabati, tochi na mayowe. Sipendi kulipamba jambo hili. Mwenye shamba lililoliwa usiku mmoja hahitaji kusomewa shairi juu ya uzuri wa tembo.

Bwana mifugo hutujia kwa mambo mawili. La kwanza ni mbwa. Mwaka 1994 karibu thuluthi moja ya simba wa Serengeti walikufa kwa ugonjwa wa virusi unaojulikana zaidi kwa mbwa, na mbwa wa vijijini wakashukiwa kuwa chanzo. Tangu hapo mbwa wa vijiji vya jirani wamekuwa wakichanjwa kwa kampeni. Kijana mmoja hapa kwetu alicheka aliposikia kwamba mbwa wake koko anadungwa sindano kwa ajili ya simba. Mimi niliona ni somo zuri la historia kuliko mengi niliyowahi kulifundisha darasani.

La pili ni mbuzi. Sotoka ya ng'ombe imekwisha duniani. Mara ya mwisho ilithibitishwa mwaka 2001, huko Meru nchini Kenya, na haikuwa kwa ng'ombe. Ilikuwa kwa nyati wa hifadhini. Mwaka 2011 ulimwengu ulitangaza rasmi kwamba imetokomezwa, ugonjwa wa pili kutokomezwa katika historia baada ya ndui. Hata hivyo neno halikufa. Ugonjwa wa jamii hiyo unaowashambulia wanyama wadogo ulithibitishwa Tanzania mwaka 2008, nasi tunauita sotoka ya mbuzi na kondoo. Lugha ilikuwa na jina tayari, ikalivika kilemba kipya. Na ugonjwa huu nao hauheshimu ua: katika nchi ya Mongolia umewaua maelfu ya swala wa porini waitwao saiga.

Washairi wenzangu, sisemi tuache kuandika juu ya pori. Naomba tuliandike kwa kumbukumbu. Tunapomtaja nyumbu, tukumbuke ng'ombe aliyechanjwa. Tunapousifia msitu mnene, tuulize ni zizi la nani lililokuwa hapo. Na kila mmoja wetu aliye na mzee wa kijijini, awe Mmaasai, Msukuma, Mkurya au Mgogo, na amuulize sotoka, mbung'o na njaa ya wakati ule viliitwaje katika lugha yake, kisha ayaandike majina hayo kabla hayajazikwa. Kamusi zetu zimelifasiri neno sotoka kwa mstari mmoja tu. Historia yake inastahili utenzi, na utenzi huo bado sijausoma.